Pepo ao ugonjwa? Namna watu walivyojifunza kutambua magonjwa ya akili

Jambo hili mnalijua vema kama mimi. Mwaka jana nilifika katika kijiji kimoja kwa safari ya Misa. Mbele ya kunawa mavumbi ya njia, wakaniletea kijana aliyefungwa kamba. Usiku anapiga kelele, mchana anasinzia. Ametupa nguo zake, amempiga baba yake. Jamaa wakasema: «Padri, huyu ana pepo, mwombee.» Nyuma kidogo mjomba wake akanivuta pembeni: «Si pepo, ni walozi wa upande wa baba.» Katekista akanitazama, maana neno nitakalosema mimi ndilo litakalofuatwa. Nami sikujua.

Katika seminari kubwa tulisoma filosofia na teolojia miaka mingi. Juu ya wazimu tulipata kurasa chache za teolojia ya maadili: mtu asiye na akili hahesabiwi dhambi kwa tendo lake, na sakramenti apewe kwa namna hii na hii. Ni mafundisho ya kweli. Lakini yote yanadhani kwamba umekwisha kujua kuwa mtu huyu ni mgonjwa. Kazi ngumu ni ile ya kwanza, kumtambua.

Sitaandika hapa kitabu cha uganga, maana sina elimu hiyo. Nitaeleza tu namna watu walivyojifunza kazi hii, polepole na kwa makosa makubwa. Historia hii si ya waganga peke yao. Eklezya imo ndani yake tangu mwanzo, mara kwa heshima, mara kwa aibu, nasi tunapashwa kujua pande zote mbili. (Niseme mara moja: hapa «mganga» ni yule wa hospitali. Yule anayepiga ramli namwita mfumu.)

Tuanze na kifafa, maana ndicho kilichowadanganya watu kuliko magonjwa yote. Wagiriki wa zamani walikiita ugonjwa mtakatifu. Walifikiri kwamba mungu fulani amemkamata yule anayeanguka. Karibu na mwaka wa 400 mbele ya Kristu, kitabu kimoja kinachohesabiwa kati ya vitabu vya mganga Hippocrates kilibisha. Kilisema kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu kupita magonjwa mengine, una asili yake, nayo iko katika ubongo. Mwandishi hakujua dawa. Alifikiri kwamba makohozi yanaziba mishipa, na hapo alikosa. Lakini alikwisha kuuweka ugonjwa mahali pake.

Na Evanjili? Wengine wanasema kwamba Evanjili inachanganya wagonjwa wote na wenye pepo. Wasome tena Mateo 4, 24. Hapo watu wanamletea Yezu wagonjwa wao, na Mwinjilisti anawataja mbalimbali: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Ni kweli kwamba katika sura ya 17 kijana mwenye dalili za kifafa anaponywa kwa kufukuzwa pepo, na wafasiri wa Biblia wanajadiliana juu ya hilo hata leo. Lakini Mateo alikuwa na majina mawili kwa mambo mawili. Sisi mara nyingi tuna moja tu.

Sasa twende Ufaransa, mwaka wa 1599. Vita vya dini vimekwisha juzi tu. Mwaka wa 1598 mfalme Henri IV, kwa Amri ya Nantes, amewaruhusu Waprotestanti kusali kwa namna yao, na Wakatoliki wengine wamekasirika. Wakati huo huo baba mmoja wa mji wa Romorantin anamtembeza binti yake, Marthe Brossier, toka mji hata mji. Marthe anaanguka, anajinyonganyonga, anatoa sauti isiyo yake. Na pepo anayesema ndani yake anawasema Waprotestanti vibaya. Watu wanajaa makanisani kumtazama.

Askofu wa Angers, Charles Miron, hakukimbilia stola. Alimpokea msichana na kumjaribu kwa upole. Alimpa maji ya baraka bila kumwambia, akanywa kimya. Akamletea maji ya kawaida ndani ya chombo cha maji ya baraka, akaanguka na kulia. Kisha askofu akafungua kitabu, akaanza kusoma Kilatini kwa sauti ya kanisa. Msichana akajitupa chini sawa vile anachomwa moto. Kumbe kitabu kile kilikuwa shairi la Virgilius, mshairi mpagani, wala si sala. Askofu akawaambia warudi kwao.

Hawakurudi. Walifika Paris, Wakapusini wakampokea Marthe, na waganga wakaitwa, kati yao Michel Marescot. Wakamwuliza kwa Kigriki na kwa Kilatini, hakujibu neno. Yule aliyekuwa akimfukuza pepo akatangaza kwamba mwenye mashaka ajaribu kumshika, kama haogopi hatari. Marescot akamshika tu, akamtuliza, na msichana akasema kwamba pepo amekwisha kutoka. Mganga aliandika kwamba hakuona hapo kazi ya shetani, ila udanganyifu mwingi na ugonjwa kidogo. Mahakama kuu ya Paris ikaamuru msichana arudishwe Romorantin chini ya ulinzi wa baba yake, ndiye yule yule aliyemtembeza.

Walimu wengi wanamsifu Marescot, nami namsifu. Lakini nadhani hakuona yote. Katika siku zile zile waganga wengine walimchoma msichana sindano mkononi, naye hakuonyesha maumivu. Marescot alilidharau jambo hilo. Leo tunajua kwamba mtu anaweza kuanguka na kukosa kusikia maumivu pasipo pepo na pasipo uwongo: moyo ulioteswa unasema kwa njia ya mwili. Kumwita Marthe mwongo kulikuwa rahisi kama kumwita mwenye pepo. Mlango wa tatu ulikuwako, lakini mwaka ule waliojua kuufungua walikuwa wachache sana.

Nyuma ya miaka 15 tu, mwaka wa 1614, Papa Paulo V alitoa Rituale Romanum. Mapadri wa zamani wote walikuwa na kitabu hicho, lakini sijui ni wangapi waliosoma kwa makini sheria zilizowekwa mbele ya sala za kufukuza pepo. Jambo linalotangulizwa pale ni kutoamini upesi. Padri anaagizwa azijue alama zinazomtofautisha mwenye pepo na yule anayeteswa na atra bilis ao na ugonjwa mwingine. Atra bilis ni nyongo nyeusi: waganga wa zamani walifikiri kwamba mwilini kuna maji ya namna nne, na kwamba nyongo nyeusi ikizidi, mtu anaingiwa na huzuni nzito na mawazo ya uwongo. Uganga huo umekwisha kuachwa, na katika chapa ya mwaka wa 1952 maneno hayo yaliondolewa, yakatajwa magonjwa ya akili. Lakini tazameni agizo lenyewe. Miaka mia nne iliyopita Eklezya ilimwambia padri: mbele ya kumwona shetani, tafuta ugonjwa.

Na alama zinazotajwa ni zipi? Kusema maneno mengi ya lugha usiyoijua ao kumfahamu anayeisema. Kufunua mambo ya mbali na ya siri. Kuonyesha nguvu zinazopita umri na hali ya mtu. Kupiga kelele hakumo. Kuvua nguo hakumo, wala kukataa chakula, wala kusikia sauti. Na hizo ndizo alama tunazoletewa sisi kila juma. Tena sheria ya Eklezya, ile ya mwaka wa 1917 na hii ya 1983 (kanuni 1172), inakataza padri yeyote kuwafanyia wenye pepo exorcismus pasipo ruhusa maalum ya askofu wake. Wengine wanafikiri kwamba sheria hiyo inalinda heshima ya askofu. Mimi nadhani inamlinda mgonjwa.

Lakini kusema «labda ni mgonjwa» ni nusu ya kazi. Ni ugonjwa gani? Ili kujibu, sharti mtu akae karibu na wagonjwa siku nyingi, na Ulaya haikukaa karibu nao, iliwafunga. Katika mji wa Gent, kule Ubelgiji, wanaume wenye wazimu waliwekwa kwa minyororo katika chumba cha chini cha jumba la mawe liitwalo Jumba la Geeraard Shetani, kwa jina la utani la bwana mmoja wa karne ya 13. Jina lilifaa mahali. Mwaka wa 1815 Kanoni Petrus Jozef Triest, aliyekwisha kuanzisha shirika la Mafrere wa Mapendo mwaka wa 1807, aliingia humo na mafrere wake, wakashika kazi ya kuwatunza watu wale. Ndio mafrere wale wale waliofika Kongo mwaka wa 1911. Wengi katika wazee wetu walijifunza kusoma katika shule zao.

Mwaka wa 1828 mganga kijana wa mji ule ule, Joseph Guislain, aliwekwa kuwa mkubwa wa waganga katika nyumba hizo. Padri na mganga walitunga pamoja sheria za nyumba: kazi, usafi, saa za kula na kulala, na minyororo iachwe. Watu wanakumbuka minyororo, na ni haki. Mimi nakumbuka zaidi jambo jingine. Guislain aliwatazama wagonjwa kila siku, akauliza namna ugonjwa wa kila mmoja ulivyoanza, akaandika. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1833 alifundisha kwamba mara nyingi sana, mbele ya wazimu wenyewe, kuna uchungu wa moyo. Aliuita douleur morale. Mtu amefiwa, ametiwa aibu, ameogopeshwa, amepoteza mali yake. Kwanza anahuzunika na kunyamaza. Nyuma ndipo kelele, mashaka, mawazo ya kuteswa na watu. Jamaa wanaona kelele tu, kwa sababu huzuni haiwasumbui usingizi.

Leo hakuna anayesema kwamba magonjwa yote ya akili yanatoka katika uchungu; mengine yanatoka katika ubongo wenyewe, mengine yanafuata damu ya ukoo. Hapo Guislain alipita kiasi. Lakini swali lake limebaki mikononi mwa waganga wote: ilianza lini, na mbele yake kulitokea nini? Mwishoni mwa karne ile Emil Kraepelin wa Ujerumani aliliongezea swali la pili: imeendelea namna gani? Aliandika habari za kila mgonjwa kwenye karatasi ndogo, akazifuata miaka na miaka, maana siku moja ya kelele haitoshi kutambua ugonjwa. Wagonjwa wawili wanaweza kupiga kelele namna moja leo. Nyuma ya miaka mitano mmoja yuko shambani na akili zake, mwingine hajarudi. Hata magonjwa yale mawili makubwa, schizophrenia na yule wa furaha kali inayobadilishana na huzuni kali, yalitenganishwa kwa njia hiyo.

Mara nyingine chanzo ni mdudu. Mwaka wa 1822 Antoine Bayle alionyesha kwamba wazimu fulani wenye majivuno makubwa na kupooza unakwenda pamoja na ugonjwa wa ngozi za ubongo. Mwaka wa 1913 Noguchi na Moore wakaonyesha mdudu wa kaswende katika ubongo wa wagonjwa wale. Huko Ulaya, wazimu ambao wahubiri waliuona kama adhabu ukatibiwa nyuma kwa penisilini.

Na kwetu Kongo kuna malale. Mwaka wa 1902 Aldo Castellani, kule Uganda, aliona mdudu wake katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka wa 1903 Mwingereza Dutton na Mkanada Todd wakaja Kongo kuutafuta ugonjwa huo, na Dutton alikufa na kuzikwa Kongo mwaka wa 1905, akiwa bado kijana. Wengi wanajua kwamba malale yanaleta usingizi. Wachache wanajua kwamba mbele ya usingizi mtu anaweza kubadilika tabia kabisa: mpole anakuwa wa hasira, mwenye haya anatukana, mchana anasinzia na usiku anatangatanga. Ni ugonjwa unaojificha chini ya kila jina tunalotaka kuupa.

Hapa sharti niungame. Katika mwaka wangu wa pili wa upadri waliniletea mwalimu mmoja aliyebadilika namna hiyo. Nyumbani mwake kulikuwa na ugomvi, basi nikaona sababu mara moja. Nikamwonya, nikambariki, nikampa novena. Sikumwuliza hata neno moja juu ya mwili wake. Nyuma ya miezi mitano kundi la wapimaji wa malale likapita, wakapima damu, wakapima maji ya mgongo. Alitibiwa akaamka. Lakini mpaka leo anasahau majina ya wanafunzi wake. Miezi ile mitano ni yangu. Mwaka wa 1998 walioandikwa kuwa na ugonjwa huo katika Afrika walikuwa karibu 40.000, tangu mwaka wa 2018 hawafiki 1.000 kwa mwaka, na wengi wao wako kwetu Kongo. Ugonjwa ukipungua, ndipo unaposahauliwa.

Lakini msidhani kwamba waganga hawakukosa. Mwaka wa 1953 mganga J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wazimu ya Mathari kule Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya la Ulimwengu. Alisema humo kwamba Mwafrika ni nadra kuugua huzuni nzito, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Naam, hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Alihesabu wale walioletwa hospitalini, na walioletwa hospitalini ni wale waliovunja vitu. Nani angempeleka Mathari mama anayekaa kimya jikoni?

Jibu lilitoka kwa mwanamke mmoja Mwingereza, Margaret Field, aliyekuwa amesoma mila za watu wa Ghana, kisha akasoma uganga wa akili. Toka mwaka wa 1955 alikaa vijijini kwa Waashanti, si hospitalini bali mahali pa mizimu, pale watu wanapoleta taabu zao. Aliona wanawake wakija na kujishitaki wenyewe: mimi ni mlozi, nimeua watoto wangu, nimeharibu mashamba. Aliwachungua. Hawalali, hawali, wamekonda, wanatamani kufa. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1960 alionyesha kwamba wengi wao walikuwa na ile huzuni nzito ambayo Carothers hakuiona. Wakati ule ule mganga wa Nigeria, Adeoye Lambo, tangu mwaka wa 1954 aliwatibu wagonjwa wa Aro wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao. Uchunguzi alioufanya na Waamerika, uliochapwa mwaka wa 1963, ulionyesha kwamba dalili za huzuni hiyo ziko kwa Wayoruba vile vile.

Ndugu mapadri, fikirini hayo mkiwa katika kiti cha maungamo. Mama anakuja na kusema: «Nimekula mtoto wangu usiku.» Mtoto alikufa kwa malaria miezi minane iliyopita. Ukimpa malipizi makubwa, umekubali kwamba ni kweli. Ukimkemea kwamba ni upuzi, anarudi nyumbani na uchungu wake wote, na mti wa kujinyongea uko nyuma ya nyumba. Mwulize kama analala.

Nimesema kwamba katika historia hii kuna aibu pia. Si lazima kwenda mbali sana kwa wakati. Kule Ujerumani, katika mji mdogo wa Klingenberg, msichana mwanafunzi wa chuo kikuu, Anneliese Michel, aliugua kifafa tangu mwaka wa 1968, na waganga walimpa dawa. Nyuma akaanza kuona sura za mashetani na kusikia sauti zinazomhukumu. Mwaka wa 1975 ruhusa ya askofu ilitolewa, na mapadri wawili wakafanya exorcismus mara 67. Ruhusa ilikuwako, basi sheria ilifuatwa. Lakini waganga waliachwa nje, na msichana aliacha kula. Alikufa tarehe 1 Julai 1976, ana miaka 23 na kilo 31. Mwaka wa 1978 mahakama iliwahukumu wazazi na mapadri wale wawili. Kitabu kipya cha exorcismus kilichotolewa Roma mwaka wa 1999 kinaagiza kwamba padri, mbele ya kuamua, ashauriane na watu wenye ujuzi wa uganga na wa magonjwa ya akili. Wale waliokiandika walijua kisa hiki.

Nasi kwetu tunao watoto. Tangu miaka ya 1990, katika miji yetu, watoto wengi wametupwa barabarani kwa kuitwa walozi, na kati yao wako wenye kifafa, wenye kukojoa kitandani, wenye akili nzito. Vyumba vya sala vinawafungia bila chakula. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa ulozi, lakini sheria haifiki haraka kama uvumi. Kifafa kina dawa. Gardénal ni dawa ya zaidi ya miaka mia moja, bei yake ni ndogo, na kwa matibabu mazuri watu wengi wenye kifafa wanakaa bila kuanguka tena. Katekista anayejua hilo ana dawa mkononi, hata kama yeye si mganga. Lubumbashi iko nyumba ya Mafrere wa Mapendo ya kutibu magonjwa ya akili, inayoitwa kwa jina la Guislain. Bukavu iko SOSAME. Najua, toka misioni nyingine ni safari ya siku tano, na pikipiki haibebi mtu aliyefungwa kamba.

Yule kijana wa mwaka jana, basi. Niliomba afunguliwe kwanza. Wanaume wanne walikaa karibu naye. Nikasali pamoja nao wote, sala ya kawaida ya wagonjwa. Kisha nikaanza kuuliza. Aliwahi kuanguka na kutoka povu? Hapana. Nani amekufa nyumbani? Hakuna. Ilianza lini? Wakaanza kugombana, baba na mjomba, kila mmoja na walozi wake. Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya mlango. Tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza neno. Akasema kwamba ilianza wakati wa kuvuna mpunga, kwa homa ya kuja na kuondoka na kichwa kuuma, na kwamba shingoni, upande wa nyuma, alimwona amevimba vidonge vidogo vidogo. Nikaomba karatasi kwa katekista, nikaandika barua kwa hospitali.